Jinsi programu ya hesabu inavyomfichulia mwanakandarasi mjengo unaomla

WANAKANDARASI wengi wadogo nchini wanajua fika bei ya mfuko wa saruji, ujira wa fundi kwa siku na gharama ya lori la mchanga. Hata hivyo, mmoja wao akiulizwa ni mjengo upi kati ya mitatu anayoishughulikia unaomletea faida, na ni upi unaomla, aghalabu jibu lake huwa la kukisia.

Sababu si uvivu wala uhaba wa elimu. Pesa za kazi zote huingia katika akaunti moja ya benki na kutoka kupitia mlango huo huo. Malipo ya awali ya mteja mpya hununua mabati ya mteja wa zamani, na maadamu kuna salio, mwenye kampuni huamini mambo yanamwendea vyema.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya ujenzi, hata daftari moja halitoshi. Kila mjengo unahitaji daftari lake, na hiyo ndiyo kazi inayofanywa na programu za tarakilishi zilizoundwa kuhesabu gharama za kila kandarasi peke yake.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, huwasajili wanakandarasi katika madaraja manane. Nyingi za kampuni zilizo katika madaraja ya chini huendeshwa na mmiliki mwenyewe, karani mmoja na kundi la mafundi. Kampuni kama hiyo haina akiba ya kuzibia pengo, na kandarasi moja mbovu yaweza kuizamisha pamoja na ujira wa watu wanaoitegemea.

Hesabu za duka na hesabu za mjengo

Hesabu za kawaida za biashara huonyesha kampuni nzima ilivyofanya mwishoni mwa mwezi au mwaka. Mwenye duka la rejareja anaweza kutosheka nazo, kwa kuwa huuza bidhaa zile zile kila siku na bei zake hazitofautiani sana.

Mwanakandarasi hana bahati hiyo. Kila nyumba ina ramani yake, udongo wake, mteja wake na umbali wake kutoka machimbo ya mawe. Msingi katika udongo mweusi wa mfinyanzi hula pesa nyingi kuliko msingi juu ya mwamba, hata ingawa nyumba zitakazosimama juu yake zinafanana kama shilingi kwa ya pili.

Kwa sababu hiyo, programu ya gharama za kandarasi huanza kwa kuupa kila mjengo nambari yake. Kisha kazi za mjengo hugawanywa katika hatua kama vile msingi, kuta, paa, umeme, mabomba na umaliziaji. Mwisho, kila gharama hutajwa aina yake: vifaa, ujira, mafundi wa nje waliopewa sehemu ya kazi, au kukodi mashine na usafiri.

Risiti ya mifuko 40 ya saruji haiandikwi tena kuwa ‘saruji’ pekee. Huandikwa kuwa saruji ya mjengo wa Ruiru, hatua ya msingi, chini ya vifaa. Maneno hayo machache ndiyo hutenganisha mjengo unaolisha kampuni na ule unaolishwa na kampuni.

Upande wa pili wa hesabu ni makadirio. Orodha ya vifaa na kazi ambayo mwanakandarasi alitumia kuomba zabuni, ile ambayo wengi huiita BQ, huingizwa katika programu kwa mgawanyo huo huo. Tangu siku hiyo, kila shilingi inayotumika hulinganishwa na shilingi iliyotarajiwa.

Mfano wa nyumba moja

Chukua mfano wa kampuni iliyopata kandarasi ya kujenga nyumba kwa Sh6 milioni. Makadirio yake ni vifaa Sh3 milioni, ujira Sh1.2 milioni, mafundi wa nje Sh500,000 na mashine pamoja na usafiri Sh300,000. Jumla ni Sh5 milioni. Mjengo huo pia unatarajiwa kubeba Sh400,000 za gharama za ofisi, na faida iwe Sh600,000.

Kazi inapofika nusu, gharama za mjengo zilitarajiwa kuwa Sh2.5 milioni. Ripoti ya programu inaonyesha kwamba zimefika Sh2.8 milioni. Vifaa vimepita makadirio kwa Sh60,000 pekee, lakini ujira ambao ungekuwa Sh600,000 umefika Sh840,000. Mafundi wa nje na mashine wamo ndani ya makadirio.

Mambo yakiendelea hivyo hadi mwisho, gharama za mjengo zitakuwa Sh5.6 milioni. Ukiongeza zile Sh400,000 za ofisi, jumla ni Sh6 milioni kamili. Kampuni itakuwa imejenga nyumba nzima bila kubakisha hata senti moja.

Katika akaunti ya benki, hakuna dalili ya msiba huo. Mteja amelipia nusu ya kazi, shule jirani imetoa malipo ya awali ya kujengewa ua, na duka la vifaa bado halijadai pesa za nondo zilizochukuliwa kwa mkopo. Salio linapendeza macho.

Mmiliki anayesoma ripoti hiyo angali na nafasi ya kujiokoa. Anapochunguza chanzo, yumkini atagundua kwamba mke wa mteja aliamuru ukuta wa jikoni uhamishwe na mteja mwenyewe akaongeza baraza, yote kwa maneno ya mdomo kwa nyapara. Ikiwa Sh180,000 kati ya zile Sh300,000 zilitokana na maagizo hayo, anaweza kumwandikia mteja ankara ya nyongeza sasa, wakati ambapo ukuta mpya ungali mbichi na kila mtu anakumbuka aliyeuagiza.

Mteja akikubali, na nusu iliyobaki ikijengwa kwa makadirio ya awali, mapato yatakuwa Sh6.18 milioni na gharama Sh5.3 milioni. Ukiondoa Sh400,000 za ofisi, faida ni Sh480,000. Ni pungufu ya iliyotarajiwa, lakini ni tofauti kubwa na sufuri. Akigundua baada ya kukabidhi funguo, itakuwa ni maji yaliyomwagika.

Mtego wa asilimia

Mfano huo unategemea jambo moja ambalo wengi hulikosea, nalo ni kujua kwa hakika kwamba kazi imefika nusu. Baadhi ya wanakandarasi hupima maendeleo ya kazi kwa kuangalia pesa zilizotumika.

Kwa kipimo hicho, Sh2.8 milioni kati ya Sh5 milioni zingeonyesha kwamba nyumba imekamilika kwa asilimia 56. Hasara ingejificha ndani ya sura ya maendeleo, na kadiri pesa zinavyopotea ndivyo mjengo ungeonekana kukaribia kumalizika.

Maendeleo sharti yapimwe kwa macho na kwa futi: mita ngapi za ukuta zimesimama, vyumba vingapi vimepigwa lipu, paa limeezekwa kiasi gani. Takwimu hizo hutoka kwa nyapara au mkadiriaji majenzi, wala tarakilishi haiwezi kuzibuni.

Jambo la pili ni deni ambalo halijalipwa. Nondo za Sh200,000 zilizofikishwa Jumatatu ni gharama ya mjengo tangu Jumatatu, hata kama duka litalipwa baada ya siku 30. Programu nzuri huruhusu agizo kuandikwa siku linapotolewa, ili mmiliki aone pesa zilizokwisha kutumika pamoja na zile ambazo tayari amejifunga kuzilipa.

Ujira ndio shimo lenye giza

Vifaa huja na risiti. Ujira huja na kumbukumbu ya nyapara, na hapo ndipo hesabu nyingi huharibika.

Fundi aliyejenga Ruiru asubuhi na kupelekwa Thika alasiri kupiga lipu anapolipwa Sh1,500, pesa hizo zapaswa kugawanywa kati ya mijengo miwili. Zikiandikwa zote Ruiru, mjengo huo utaonekana ghali bila kosa lake, na ule wa Thika utajigamba kwa faida isiyo yake. Vivyo hivyo kwa mifuko 20 ya saruji inayohamishwa kutoka mjengo mmoja hadi mwingine kwa pikapu bila kuandikwa popote.

Isitoshe, ujira wa fundi hauishii kwa pesa anazotia mfukoni. Mwajiri huchangia asilimia 6 ya ujira katika hazina ya malipo ya uzeeni, NSSF, kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2013, hadi kiwango cha juu kilichowekwa. Hulipa pia asilimia 1.5 ya ada ya nyumba chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka wa 2024.

Kwa fundi wa Sh1,500, michango hiyo miwili ni Sh112.50 kwa siku. Kiasi hicho chaonekana kidogo, lakini kwa mafundi 10 katika siku 100 za kazi ni Sh112,500. Aidha, sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri awakatie wafanyakazi bima. Mwenye kuomba zabuni kwa kuhesabu ujira mtupu huwa amekwisha kupoteza pesa hizo kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi.

Ili taarifa ziwe sahihi, daftari la mahudhurio linapaswa kujazwa kila jioni, likionyesha kila mtu alifanya kazi mjengo upi na katika hatua ipi. Nyapara anaweza kutuma taarifa hiyo kwa rununu ikiwa programu inaruhusu, au karani aiingize kutoka kwenye karatasi. Ikisubiri hadi siku ya malipo, itakuwa ni hadithi.

Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, malipo mengi ya mijengo hupitia katika simu, na wapo wanaodhani kwamba taarifa ya simu inatosha kuwa rekodi. Taarifa hiyo huonyesha nani alilipwa, kiasi gani na lini. Haisemi ni kwa mjengo upi, na hilo ndilo swali lenyewe.

Ofisi, ushuru na pesa zilizozuiliwa

Kodi ya ofisi, mshahara wa karani, mafuta ya pikapu na ada za leseni si za mjengo wowote mmoja, lakini lazima zilipwe na mijengo yote. Njia nyepesi ni kuzigawa kulingana na gharama za kila mjengo.

Iwapo gharama za ofisi kwa mwezi ni Sh120,000, na mijengo mitatu imetumia Sh1 milioni, Sh600,000 na Sh400,000, basi itabeba Sh60,000, Sh36,000 na Sh24,000 mtawalia. Programu hufanya mgawanyo huo yenyewe ikishaelezwa kanuni. Bila mgawanyo, kila mjengo huonekana una faida huku kampuni ikikosa pesa za kulipa kodi ya nyumba.

Kuhusu ushuru wa ziada ya thamani, VAT, ambao ni asilimia 16, kampuni iliyosajiliwa hudai kurejeshewa kile ilichotozwa kwenye vifaa vinavyohusika. Kwa hivyo, saruji ya Sh116,000 ikiwa na ushuru huingizwa katika mjengo kwa Sh100,000. Kampuni ambayo haijasajiliwa hubeba Sh116,000 zote. Programu isipopangwa sawasawa hapa, gharama za vifaa zote zitapotoka.

Kuna pia suala la ankara za kielektroniki. Tangu Januari 1, 2024, Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA, hutaka gharama za biashara ziambatane na ankara ya mfumo wa eTIMS ndipo zitambuliwe wakati wa kukokotoa ushuru wa mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa na sheria. Lori la mchanga lililonunuliwa kando ya barabara bila ankara bado ni gharama ya mjengo na lazima liandikwe, lakini laweza kukataliwa na KRA. Programu inayotenganisha mambo hayo mawili humwonyesha mmiliki ni kiasi gani anachotozwa ushuru kwa kukosa karatasi.

Baadhi ya wateja pia hukata asilimia 3 ya malipo ya mwanakandarasi na kuiwasilisha kwa KRA. Kwa malipo ya Sh3 milioni, makato hayo ni Sh90,000. Hayo si hasara ya mjengo. Ni ushuru uliolipwa mapema, na yanapaswa kuandikwa hivyo ili yadaiwe hesabu za mwaka zinapofungwa.

Halafu kuna pesa zinazozuiliwa na mteja hadi muda wa kurekebisha kasoro uishe. Mkataba ukiruhusu kuzuiliwa kwa asilimia 10, kwa nyumba ya Sh6 milioni hizo ni Sh600,000, yaani faida yote iliyotarajiwa. Kampuni yaweza kuwa na faida katika leja na bado ikakosa pesa za kununulia vibarua chakula cha mchana. Wanaofanyia kazi serikali za kaunti na kusubiri malipo kwa miaka wanalijua jambo hili vyema.

Kuchagua programu

Si kila kampuni inahitaji programu ya bei ghali. Yenye mjengo mmoja au miwili yaweza kuanza na jedwali la Excel lenye safu za tarehe, mjengo, hatua, aina ya gharama na kiasi, almuradi lijazwe kila siku.

Mijengo ikiongezeka, kuna programu za uhasibu kama vile QuickBooks ya Marekani na Sage ya Uingereza. Mnunuzi ahakikishe kiwango anacholipia kina sehemu ya kufuatilia kila kandarasi, kwani si viwango vyote vilivyo nayo.

Kabla ya kulipa, maswali machache yatamfaa. Je, inaweza kuonyesha makadirio na matumizi ya mjengo mmoja kwenye ukurasa mmoja? Inaandika maagizo ambayo hayajalipwa? Inafanya kazi kwa rununu pale mtandao unapokatika? Inaoana na eTIMS? Ada yake ni ya shilingi au ya dola, na akiacha kulipa, je, ataweza kutoka na rekodi zake?

Busara pia yataka mtu aanze na mjengo mmoja mpya badala ya kuingiza rekodi za miaka iliyopita. Hatua za kazi zisizidi 15. Anayebuni hatua 100 humchosha karani, naye karani aliyechoka huandika kila kitu chini ya ‘mengineyo’, na ripoti ikakosa maana.

Wafanyakazi nao waelezwe mapema. Nyapara anapoombwa ghafla kuhesabu mifuko ya saruji kila jioni, anaweza kudhani anashukiwa wizi. Akielezwa kwamba rekodi hizo hizo zitamtetea siku mteja atakapokana maagizo yake, atazitunza vizuri zaidi.

Programu husema palipovuja, haisemi kwa nini. Vifaa vikipita makadirio, huenda ikawa ni wizi, mvua iliyoharibu saruji, vipimo vibaya au makadirio yaliyokuwa na makosa tangu mwanzo. Majibu hayo hupatikana mjengoni. Mmiliki anayetenga nusu saa kila Jumamosi kusoma ripoti, kisha akatembelea mjengo uliotiwa alama nyekundu, hufaidika kuliko anayesubiri mhasibu mwishoni mwa mwaka.

Jambo hili halimhusu mwanakandarasi peke yake. Pesa zinapoisha kabla ya paa kuezekwa, kishawishi cha kwanza ni kupunguza saruji katika zege au kununua nondo nyembamba. Hasara ambayo haikuonekana katika vitabu hatimaye huhamia kwenye nguzo, na atakayeibeba ni yule atakayelala chini ya slabu hiyo.

Faida kubwa zaidi hujitokeza baada ya mjengo kukamilika. Kampuni iliyotunza rekodi za nyumba tano inajua kwa hakika mita moja ya mraba ya ukuta iliigharimu kiasi gani, si kiasi gani ilidhania. Mshindani atakapoteremsha bei ili kunyakua zabuni inayofuata, mwenye rekodi atajua ni kiwango gani asichopaswa kushuka chini yake. Hapo anaweza kuiacha kandarasi hiyo iende kwa mwingine, akalala usingizi.